Ghala la michezo ya redio ya Kijerumani: sikiliza kwa kumfuata Ernst Schnabel

Kwa anayejua Kijerumani cha kutosha kufuata mazungumzo, ni vigumu kupata ghala la michezo ya redio lililo pana na la bure kama hili la redio za umma za Ujerumani. Ukiwa Tanga, Mombasa au Muscat unafungua tovuti au programu ya simu ya ARD, muungano wa redio za umma za majimbo, ile iliyoanza 2017 kwa jina la ARD Audiothek, au ile ya Deutschlandfunk, redio ya umma ya taifa zima, unabonyeza, inacheza. Hulazimiki kujisajili, na mchezo haukatwi katikati na tangazo la sabuni. Bili ni ya Wajerumani wenyewe: tangu Agosti 2021 kila kaya kule hutozwa euro 18.36 kwa mwezi, iwe na redio au isiwe nayo, na humo ndimo yanamotoka malipo ya waandishi, waigizaji na mafundi mitambo.

Kwa bei na kwa ubora wa kazi, alama ni za juu. Kinachoiangusha huduma hii ni mpangilio wake. Ukurasa wa mbele unakusukumia kilicho kipya na kinachopendwa na wengi: mauaji, vichekesho, riwaya inayosomwa na mtu mmoja. Kazi za miaka ya 1940 na 1950, ambazo ndizo zilizoijengea redio ya Kijerumani heshima, zimelala chini kama kanga ya bibi chini ya sanduku. Ukitafuta kwa jina la mwigizaji utapata mafuriko. Ukitafuta kwa mada, ndiyo utapotea kabisa. Njia inayofanya kazi ni kumchagua mtu mmoja wa ndani ya jumba la redio, si mwandishi wala mwigizaji, ukafuata miaka yake ya kazi.

Mtu huyo ni dramaturgi. Asichanganywe na mwandishi wa tamthilia. Huyu ni mtu wa idara: husoma miswada inayotumwa, huagiza mingine, hukaa na mwandishi ukurasa kwa ukurasa, husema nani aongoze, hukata maneno mpaka mchezo uingie kwenye nafasi yake ya ratiba, na mwishoni husikiliza kazi nzima kabla haijapewa ruhusa ya kwenda hewani. Nafasi ya saa moja haibebi dakika 60. Taarifa ya habari imeshamega dakika zake mwanzoni, na mwishoni lazima watajwe waliofanya kazi. Ndiyo maana michezo mingi utaikuta na dakika 50 na ushee. Mswada ukizidi kurasa tatu, anayeshika kalamu nyekundu ni dramaturgi. Jina lake, likitajwa, huwa mstari wa mwisho mwisho, baada ya fundi sauti, kwa neno Dramaturgie au Redaktion. Programu za simu mara nyingi haziutumii mstari huo katika kutafuta, na hapo ndipo penye kosa kubwa zaidi la mpangilio huu.

Tumchukue Ernst Schnabel awe kamba ya kushika. Alizaliwa Zittau mwaka 1913, akawa baharia tangu ujana, akaandika riwaya, na vita vilipokwisha akaingia NWDR mjini Hamburg, redio ya ukanda uliokuwa chini ya Waingereza. Kuanzia 1946 hadi 1949 alikuwa dramaturgi mkuu wa hapo. Kutoka 1951 hadi 1955 alikuwa Intendant, yaani bosi wa jumba zima la utangazaji la Hamburg. Kisha akarudi kwenye kalamu, na kuanzia 1962 akaongoza Idhaa ya Tatu ya pamoja ya Hamburg na Berlin Magharibi, idhaa ya utamaduni mtupu. Alifariki Berlin mwaka 1986. Ni watu wachache waliowahi kushika pande zote mbili za meza namna hiyo, ya mwandishi anayekatwa na ya bosi anayekata.

Kabla ya kugusa programu ya simu, anza na hifadhidata ya michezo ya redio ya Deutsches Rundfunkarchiv, yaani hifadhi ya kumbukumbu za utangazaji wa Ujerumani, hoerspiele.dra.de. Hiyo haichezi sauti, ni daftari. Inakupa mwandishi, mwongozaji, waigizaji, redio iliyotengeneza, tarehe ya kurushwa mara ya kwanza na urefu wa mchezo. Ukishapata mwaka na jina la mwongozaji, ndipo uende kwenye programu ya ARD au Deutschlandfunk uandike jina la mchezo pamoja na mwaka. Bila hatua hiyo utasikiliza kitu kingine ukidhani ndicho, kwa sababu mchezo maarufu hutengenezwa tena na tena na redio tofauti kwa miongo kadhaa, na jina halibadiliki. Mwaka na mwongozaji ndiyo namba ya chasi.

Kuna mitego miwili kwenye daftari hilo. Wa kwanza ni herufi zenye nukta. Träume na Traeume si lazima zilete matokeo yale yale. Kwenye simu, shikilia kitufe cha a mpaka ä itokee. Wa pili ni jina NWDR lenyewe. Hadi mwisho wa 1955 redio hiyo ilikuwa moja kwa Hamburg na Köln. Tarehe 1 Januari 1956 ndipo ikagawanyika kuwa NDR ya Hamburg na WDR ya Köln. Kwa hiyo kuona NWDR 1951 hakukwambii kama kazi ilitoka kwa Schnabel kule Hamburg au kwa watu wa Köln. Tafuta neno Hamburg kando yake.

Kituo cha kwanza cha safari hii ni mchezo wa Draußen vor der Tür (Nje ya Mlango) wa Wolfgang Borchert, uliorushwa tarehe 13 Februari 1947. Mwongozaji ni Ludwig Cremer, na sauti ya askari Beckmann ni ya Hans Quest. Borchert alikuwa na umri wa miaka 25, mgonjwa kitandani. Mswada ulipofika Hamburg ulikuwa na jina lingine, Ein Mann kommt nach Deutschland (Mtu Anakuja Ujerumani); jina tunalolijua leo lilitoka kwa Schnabel. Hapo unaona kazi ya dramaturgi kwa macho: jina la kwanza linaeleza habari, la pili linakupa mlango uliofungwa, na mchezo mzima unasikika kama milango. Beckmann anabisha, anafunguliwa, anafukuzwa, mlango unagonga. Sikiliza pale mto Elbe unapozungumza naye akitaka kujitosa: mto unamkataa, unamtema ufukweni, na sauti ya mto si ya huruma hata kidogo, ni ya mama mwenye nyumba aliyechoka na wapangaji. Usiku ule wa kwanza mwandishi mwenyewe hakuusikia mchezo wake. Mtaani kwao umeme ulikuwa umekatwa kwa mgao. Novemba mwaka ule ule alifariki Basel, siku moja kabla mchezo haujapanda jukwaani Hamburg.

Rekodi hiyo ni ya mono, yaani sauti ile ile masikio yote mawili, na ina mikwaruzo. Usiongeze sauti kutafuta maneno ya chini, maana Quest anapaza sauti ghafla na utaumia masikio. Weka sauti ya wastani, uache maneno mengine yapite.

Kituo cha pili ndicho kinachomweka Schnabel juu ya wenzake. Baada ya tarehe 29 Januari 1947 redio iliwaomba wasikilizaji waandike walichofanya siku hiyo, siku ya kawaida katikati ya ule msimu wa baridi wa njaa. Barua zilizokuja zilizidi 30,000. Schnabel alizipanga zikawa kipindi cha Der 29. Januar, kilichorushwa Mei mwaka huo: makaa, viazi, foleni, barafu ndani ya chumba cha kulala, mtu anayesubiri mume asiyejulikana kama yu hai. Barua zinasomwa na waigizaji, si wenyewe walioandika. Ukizoea podikasti za leo utaona sauti hizo ni safi kupita kiasi kwa maneno ya mtu mwenye njaa, na ni kweli, ni udhaifu. Lakini mpangilio ni wa fundi hasa: haendi barua moja moja, anapitisha saa za siku, alfajiri hadi usiku, na watu wasiojuana wanajikuta wanajibizana. Aliurudia mtindo huo kwa siku ya tarehe 1 Februari 1950, katika Ein Tag wie morgen, na safari hiyo barua zilikuwa takriban 80,000.

Kwenye programu, kazi hizi hazitakuwa chini ya Hörspiel. Tafuta chini ya Feature. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, na rafu haziwasaidii. Hörspiel ni mchezo wenye wahusika. Feature ni kipindi cha mambo ya kweli kilichotungwa kwa ufundi wa mchezo, mtindo ambao Hamburg iliuchukua kwa Waingereza wa BBC. Lesung ni mtu mmoja anasoma kitabu. Ukiona neno Bearbeitung kwenye maelezo, ujue riwaya imekatwakatwa ikafanywa mchezo, na swali la kwanza ni nani aliyeikata.

Schnabel alipokuwa bosi, idara ya michezo ilikwenda kwa Heinz Schwitzke, aliyekaa hapo kuanzia 1951 hadi 1971. Miaka ya Schwitzke ndiyo rafu nene kuliko zote. Imani yake ilikuwa kwamba mchezo wa redio unachezwa kichwani mwa msikilizaji, kwa neno, na kwamba milio iwe kama chumvi. Chombo chake kikuu kilikuwa kufifisha: sauti inazama polepole, nyingine inainuka, na umeshahama kutoka jikoni kwenda miaka ishirini nyuma bila mtu kufunga pazia. Vijana wa miaka ya 1960 walimshambulia kwamba michezo yake inakimbia siasa na kujifungia moyoni. Walikuwa na hoja. Ukisikiliza mitano mfululizo utatamani mtu aangushe sufuria.

Hata hivyo Träume ya Günter Eich, iliyorushwa Hamburg tarehe 19 Aprili 1951 chini ya uongozaji wa Fritz Schröder-Jahn, haikukimbia kitu. Ni ndoto tano. Ya kwanza inatosha kuipima huduma nzima: familia imefungiwa ndani ya behewa la mizigo gizani, treni inakwenda, wazee wanakumbuka kwamba zamani walikuwa na kitanda na kulikuwa na maua, na walio wadogo hawaamini kwamba kuna dunia nje. Unapatikana ufa, mwanga unaingia. Wanachungulia, wanachokiona kinawatisha, wanaomba ufa uzibwe. Muda wote magurudumu yanagonga chini ya maneno, na mwishoni mwendo wake unabadilika. Usiku ule wasikilizaji walipiga simu redioni kwa hasira, na simu hizo zilirekodiwa. Ukikutana na toleo lililoambatanishwa na simu, chukua hilo.

Kutoka Schwitzke mtu anafika kirahisi kwa mwandishi Ingeborg Bachmann na Der gute Gott von Manhattan ya 1958, iliyopata tuzo ya michezo ya redio ya chama cha waliopofuka vitani. Tuzo hiyo ni dira nzuri kwa asiyetaka kuchimba: chukua orodha ya washindi tangu mwanzo wa miaka ya 1950, itafute mmoja mmoja.

Schnabel mwenyewe, akiwa ameshatoka ofisini, alitoa 1958 kazi yake kuhusu Anne Frank, Spur eines Kindes, aliyoijenga juu ya maneno ya mashahidi 42. Haina kilio. Anauliza, wanajibu, anaendelea. Miaka kumi baadaye aliandika maneno ya Das Floß der Medusa kwa muziki wa Hans Werner Henze, iliyoagizwa na NDR. Tarehe 9 Desemba 1968 ukumbini Hamburg palitundikwa picha ya Che Guevara na bendera nyekundu, wanakwaya kutoka Berlin wakakataa kuimba chini ya bendera, polisi wakaingia, na Schnabel, aliyewahi kuwa bosi wa jumba lile la utangazaji, akakamatwa pamoja na wengine. Onyesho halikufanyika. Redio ikarusha rekodi ya mazoezi, na ndiyo hiyo iliyotolewa baadaye kwenye sahani. Kwa hiyo ukiona imeandikwa 1968, unachosikiliza ni mazoezi; hadhira haimo.

Sasa yanayokera. Kubwa ni kwamba vitu hupotea. Leo mchezo upo, baada ya muda kiungo kimekufa, na orodha yako ya vipendwa inabaki na jina lililopauka. Wengi hudhani ni uzembe wa mtandao. Chanzo ni hakimiliki. Kila mwandishi, mwigizaji na mchapishaji ana mkataba, na matumizi ya mtandaoni hulipiwa kwa muda maalumu. Kwa kazi za zamani ni ngumu zaidi: kuanzia 1966 hadi mwisho wa 2007 sheria ya hakimiliki ya Ujerumani haikuruhusu mtu kuuza haki ya matumizi ambayo hayakuwa yanajulikana wakati wa kusaini. Mkataba wa zamani haukuijua intaneti. Kila ufunguzi wa ghala ni mazungumzo mapya na warithi. Kinga yake ni moja: ukikiona, kipakue siku hiyo hiyo, usikiweke foleni.

Upakuaji si mzito. Faili ya MP3 ya kbps 128 hula karibu MB 1 kwa dakika; mchezo wa dakika 54 ni kama MB 52. Ulysses, riwaya ya James Joyce iliyofanywa mchezo na redio za SWR na Deutschlandfunk mwaka 2012, yenye saa zaidi ya 22, itataka karibu GB 1.3 kwa kiwango hicho, kwa hiyo ngoja Wi-Fi ya mahali, usiumize bando. Anayependa kusikiliza mubashara akumbuke kwamba Deutschlandfunk ilizima masafa marefu mwisho wa 2014 na ya kati mwisho wa 2015. Kwa Afrika Mashariki ni mtandao tu. Mchezo wa saa 4:03 usiku Ujerumani ni saa 5:03 kwetu wakati wa kiangazi chao, saa 6:03 wakati wa baridi yao. Ratiba haitakukumbusha.

Hedifoni zinahitajika, ila si kwa kila kitu. Kazi zote za Schnabel za miaka ya 1940 na 1950 ni mono, maana stereo ilifika redioni Ujerumani 1963. Mnaweza kugawana hedifoni moja watu wawili bila hasara. Mkijaribu hivyo na Fünf Mann Menschen ya Ernst Jandl na Friederike Mayröcker, ya 1968, kila mmoja atasikia mchezo wa kwake, kwani wanaume watano wamepangwa kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia na mzaha uko kwenye nafasi zao. Mchezo mwingine, Demolition wa 1973, ulirekodiwa kwa maikrofoni mbili zilizotiwa kwenye masikio ya kichwa bandia. Kwa spika haufai kitu. Kwa hedifoni mtu anapita nyuma ya shingo yako. Kasoro ya kichwa hicho cha kwanza inasikika pia: anayepaswa kuwa mbele yako mara nyingi hukaa juu ya utosi au nyuma.

Daladalani usijaribu chochote cha Schwitzke. Michezo hii ina ukimya wa makusudi na minong'ono, na injini inameza vyote.

Kuhusu lugha, huduma haikuhurumii. Hakuna tafsiri, na maandishi ya kufuatia hupatikana zaidi kwa Feature za Deutschlandfunk kuliko kwa michezo. Chini ya kiwango cha B2, ngazi ya nne kati ya sita za kujifunza lugha, utachoka dakika ya kumi. Kwa wanafunzi wa Goethe-Institut walio chini ya hapo, vipindi vya watoto vya Kakadu vya Deutschlandfunk Kultur ni mahali pazuri pa kuanzia: sentensi fupi, wahusika wachache, na milio inayokwambia mko wapi. Anayetaka ufundi huo kwa Kiswahili atafute Noa Bongo ya Deutsche Welle, michezo ya mfululizo iliyoanza 2008. Deutsche Welle yenyewe ilianza tarehe 3 Mei 1953 ikiendeshwa na NWDR kutoka Köln, wakati Schnabel bado ana funguo za Hamburg, na Kiswahili kikaingia hewani miaka kumi baadaye, 1963.